Bukavu: Alipasuliwa matiti, wiki tatu baadaye analia. Wa kulaumiwa si yeye

Kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, kuna mama muuza vikwembe ambaye siku hizi anavaa sweta kubwa hata jua likiwa kali. Amezaa watoto wanne na kuwanyonyesha wote. Kwa muda mrefu aliweka pesa kwenye likelemba, kaka yake aliye Ulaya akaongeza kidogo, naye akasafiri inje ya inchi kuwekewa protezi za silikoni ili kifua chake kirudi kama zamani. Sasa ni wiki ya tatu tangu operesheni. Yuko nyumbani, analia.

Titi la kushoto liko juu kuliko la kulia. Yote mawili ni magumu, ngozi inang'aa kama imevutwa, na chuchu moja haisikii kitu hata ikiguswa. Wachache aliowafunulia siri wanamsikia akisema maneno yale yale: "Nililipa ili nipendeze, wamenirudisha kama mtu aliyefungwa mawe mawili kifuani."

Alipopiga simu kwa komisioneri aliyempangia safari, jibu lilikuwa neno moja: "Vumilia." Alipopiga tena, simu haikushikwa. Jirani waliposikia, wakacheka: "Mungu alikupatia, ukaona haitoshi." Na muuza dawa wa mtaani, bila kuitwa, akamletea habari njema: ana sindano ya kusawazisha matiti, bei ni ndogo, hakuna haja ya kusafiri tena.

Komisioneri anasema vumilia, jirani anasema ulijitakia, muuza dawa anasema lete pesa nyingine. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kilicho cha kweli. Na kilicho cha kweli ni hiki: hadi leo hakuna mtu anayeweza kusema kwamba mama huyu amekosewa na kisu. Lakini amekosewa na mdomo. Waliopaswa kumweleza kabla ya kisu walinyamaza, na ukimya wao ndio unaomliza leo.

Jambo ambalo kila mpasuaji analijua

Kila muganga anayeweka protezi za matiti anajua kwamba wiki za kwanza hazifanani na picha. Mara nyingi protezi huwekwa chini ya msuli wa kifua, na msuli haukuzoea kubeba kitu hicho. Unakaza, unaisukuma protezi juu, karibu na mfupa wa bega. Mwili nao unavimba, kwa sababu mwili wowote uliokatwa huvimba. Ndiyo maana matiti huonekana yako juu mno, magumu, ya mviringo kama mpira, na ngozi inang'aa.

Upande mmoja hupona kabla ya mwingine. Hilo nalo ni la kawaida. Hakuna mwanamke duniani ambaye matiti yake yanalingana kabisa hata kabla ya kupasuliwa, na anayetumia mkono wa kulia kuosha, kubeba na kupika, msuli wake wa kulia haufanyi kazi sawa na wa kushoto. Chuchu inaweza kupoteza hisia kwa wiki au miezi, au ikawa kali mno hata nguo ikiigusa inauma. Kwa wengi hisia hurudi, kwa wengine hairudi yote. Hilo pia lilipaswa kusemwa mapema.

Kwa kawaida uvimbe hupungua polepole, msuli hulegea, na protezi hushuka mahali pake kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kovu huchukua muda mrefu zaidi: linakuwa jekundu au jeusi, linavimba kidogo, kisha linafifia kwa mwaka mzima au hata zaidi. Na kwa watu wenye ngozi nyeusi, kovu linaweza kukua na kuwa nene kuliko jeraha lenyewe, yale makovu ambayo kila mtu ameyaona kwenye sikio lililotobolewa vibaya. Kwa sababu hizo zote, wapasuaji wengi hawakubali kuhukumu umbo kabla ya miezi sita, na hawakubali kurudia operesheni mapema kama hakuna hatari.

Kwa hiyo komisioneri alipomwambia mama wa Kadutu avumilie, neno lenyewe huenda ni la kweli. Ubaya ni kwamba lilikuja wakati usiofaa. Kumwambia mtu avumilie baada ya kumtoa pesa, wakati ameshashikwa na hofu na yuko mbali na aliyempasua, ni kumfungia mlango. Neno hilo hilo likisemwa mwezi mmoja kabla ya operesheni, pamoja na sababu zake na tarehe zake, linakuwa maelezo. Mwanamke anayejua kwamba wiki ya tatu atakuwa na kifua kigumu hashtuki anapokiona. Anahesabu siku tu.

Picha mbili, na katikati hakuna kitu

Angalia jinsi operesheni hizi zinavyouzwa. Zinakuja kwenye simu, picha mbili pembeni kwa pembeni: ya kwanza mwanamke amesimama bila furaha, kifua kimelegea, taa ni hafifu, ya pili mwanamke huyo huyo, au mwingine anayefanana naye, anacheka, kifua kimeinuka, taa ni nzuri. Juu yake wameandika bei, na chini yake namba ya simu.

Picha ya wiki ya kwanza iko wapi? Ile yenye bandeji, alama za damu chini ya ngozi, na mwanamke asiyeweza kuinua mkono kuchana nywele? Picha ya mwezi wa pili iko wapi? Na ile ya mwaka wa kumi? Muuzaji anazijua zote. Anazificha kwa sababu anajua kwamba mteja akiziona atauliza maswali, na mteja anayeuliza anachelewa kulipa.

Wengine wanajitetea. Wanasema: "Tukiwaeleza yote, watu wataogopa na hawatakuja." Hoja hiyo inajihukumu yenyewe. Kama mtu akijua ukweli hatakuja, basi kumleta bila ukweli ni kumdanganya. Muuza gari anayeficha kwamba injini imepasuka anaitwa mwizi. Kwa nini anayeficha habari za mwili wa mtu aitwe mfanyabiashara hodari?

Waganga wengine wanalaumu wagonjwa: hawana subira, hawasomi, wanataka kupona leo leo. Kuna ukweli kidogo ndani yake, na ukweli usikataliwe kwa sababu umetoka kwa mtu tunayebishana naye. Wiki tatu ni mapema mno kusema operesheni imeharibika. Lakini subira haimei mahali pasipo na habari. Mkulima wa Kabare akipanda maharagwe hakai akilia siku ya nne kwa sababu hayajazaa. Anajua msimu wake. Mama wa Kadutu hakuambiwa msimu.

Mwizi ana haki ya kuelezwa, mgonjwa je?

Alipofika kliniki, mama huyu alipewa karatasi ya kutia sahihi. Ilikuwa kurasa kadhaa, kwa lugha asiyoisoma vizuri, asubuhi ya siku ya operesheni, akiwa na njaa kwa sababu alikatazwa kula tangu usiku, na pesa zimeshalipwa. Alitia sahihi. Nani angekataa akiwa pale?

Leo karatasi hiyo ndiyo ngao ya waliompasua. Watasema: alikubali, sahihi yake hii hapa. Lakini sahihi inaonyesha tu kwamba mkono ulishika kalamu. Haionyeshi kwamba kichwa kilielewa.

Na jambo hili halitokei inje ya inchi tu. Hapa hapa Kongo, ni akina mama wangapi wameingizwa kwenye chumba cha upasuaji, kwa kuzaa au kwa ugonjwa, wakiwa wametia sahihi au kidole kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo hakuna aliyewasomea? Kila msikilizaji amuulize mama yake, dada yake au shangazi yake. Jibu halitatoka mbali.

Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu chake cha 1 kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Katika kifungu cha 18, Katiba hiyo hiyo inasema kwamba mtu yeyote anayekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Maana yake, mtu aliyeshikwa akiiba mbuzi huko Walungu ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili au kwa Mashi kwa nini amefungwa pingu. Na mwanamke asiye na kosa lolote, anayekaribia kulazwa kwa dawa ya usingizi na kukatwa mwili, apewe karatasi asiyoielewa na kuambiwa "weka hapa"? Kama sheria inamheshimu mshukiwa kiasi hicho, akili ya kawaida inataka mgonjwa aheshimiwe zaidi.

Wengine walijifunza kwa machozi

Anayedhani kwamba maelezo ni adabu tu, kitu cha kuongeza ikiwa kuna muda, aangalie kilichotokea Ufaransa. Huko La Seyne-sur-Mer, kampuni iliyoitwa Poly Implant Prothèse, PIP, ilitengeneza protezi za matiti na kuziuza katika inchi nyingi. Mwaka 2010 wakaguzi waligundua kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikitumia silikoni ya viwandani, ya bei nafuu, ambayo haikuruhusiwa kuingizwa katika mwili wa binadamu. Protezi zilikuwa zinapasuka. Wanawake karibu 30,000 nchini Ufaransa peke yake walikuwa nazo kifuani, na katika dunia nzima walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wazitoe. Mwaka 2013 mahakama ya Marseille ikamhukumu mwanzilishi wa kampuni, Jean-Claude Mas, kifungo cha miaka minne.

Wale waliokuwa na kadi inayoonyesha protezi yao imetoka kiwanda gani na ina namba gani waliweza kujua mara moja kama wako hatarini. Asiyekuwa na kadi alibaki akikisia. Mama wa Kadutu, ukimuuliza leo ana nini kifuani, anajibu: "Silikoni." Ya kampuni gani? Namba gani? Hajui. Hakupewa kitu. Ana risiti ya duka alilonunulia simu yake, lakini hana karatasi ya kitu kilichoshonwa ndani ya mwili wake.

Sheria ya Ufaransa inataka pia kwamba kati ya siku mtu anapopewa karatasi ya bei ya operesheni ya urembo na siku ya operesheni yenyewe zipite angalau siku 15, na siku hizo haziwezi kupunguzwa hata mgonjwa mwenyewe akiomba. Ni muda wa kufikiri, kuuliza na kubadili mawazo bila aibu. Nchini Marekani, mwezi wa Oktoba 2021, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba, FDA, iliagiza kwamba protezi za matiti ziuzwe tu kwa waganga wanaopitia pamoja na mgonjwa orodha ya hatari moja baada ya nyingine, wakitia sahihi wote wawili. Na kwenye onyo lenyewe imeandikwa wazi kwamba protezi si kifaa cha maisha yote.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayofichwa zaidi. Mwili hujenga utando kuizunguka protezi, na utando huo unaweza kukaza hadi titi liwe gumu na lipinde. Protezi inaweza kupasuka bila mwenyewe kusikia maumivu, na kwa hiyo FDA inashauri wenye protezi za silikoni wapimwe kwa ekografia au kwa mashine ya IRM baada ya miaka mitano au sita, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kunyonyesha kunaweza kuwa kugumu. Mamlaka hiyo hiyo imewahi kueleza kwamba hadi mwanamke mmoja kati ya watano waliowekewa protezi kwa urembo anazitoa kabla ya miaka kumi kupita. Mama mwenye kibanda cha vikwembe anayefanya hesabu ya operesheni moja, kumbe anahitaji kuweka pesa za operesheni mbili na za vipimo vya katikati. Nani alimfanyia hesabu hiyo? Komisioneri alimhesabia tiketi na hoteli.

"Hayo ni mambo ya matajiri, inchi iko katika vita"

Hoja hii itakuja, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Kuna familia zinazolala chini ya hema au katika darasa la shule, zilizokimbia na sufuria moja, na kwao habari ya mtu aliyelipa pesa ili abadili kifua inaweza kusikika kama tusi. Wana haki ya kukasirika.

Lakini wasikilize hadi mwisho, kwa sababu jambo hili linawafikia wao kabla ya kuwafikia matajiri. Tajiri akikosewa ana tiketi ya kurudi na ana wakili. Aliyekimbia hana hata karatasi ya kumwonyesha muganga mwingine alichofanyiwa. Mama aliyepasuliwa kwa kuzaa mahali fulani, kisha risasi zikamkimbiza kabla nyuzi hazijatolewa, anafika kambini akiwa na kidonda na hakuna anayejua historia yake. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya kansa, au aliyeungua moto wa hema, naye anahitaji kujua kidonda chake kitapita njia gani na kitachukua muda gani. Haki ya mama wa Kadutu na haki yao ni haki moja: kuelezwa kabla ya kukatwa, kwa lugha wanayoielewa, na kubaki na karatasi mkononi.

Bukavu si mji wa kufundishwa thamani ya upasuaji. Hapa ndipo ilipo hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018 kwa ajili ya kazi na wanawake waliobakwa katika vita. Wakaaji wa Kivu wanajua vizuri kwamba kisu kinaweza kumrudishia mwanamke uzima na heshima. Kwa sababu wanajua hivyo, wasikubali kisu kigeuzwe kuwa bidhaa ya kuuzwa na makomisioneri kama kiwanja.

Na kwa wale wanaosema "alijitakia": ndiyo, alijitakia. Alitaka. Mwili ni wake, pesa ni zake, na hakumnyang'anya mtu. Watu wanaoweka meno mapya, wanaopaka nywele rangi, wanaoshona suti kwa bei ya mbuzi watatu, nao wanajitakia, na hakuna anayewaombea mabaya. Kutaka kupendeza hakumfutii mtu haki ya kuambiwa ukweli. Kicheko cha jirani kina madhara yake pia: kinamfanya mwanamke afiche. Na wazee walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeogopa kuchekwa hatakwenda hospitali siku titi litakapopata moto.

Sindano ya mtaani

Hapo ndipo muuza dawa anapopata nafasi yake. Anauza kwa watu wawili: aliyepasuliwa na hakuridhika, na asiyeweza kulipa operesheni kabisa. Huyu wa pili yuko kila mahali, hata kambini. Anaambiwa kuna sindano ya kukuza matiti na makalio, kuna krimu, kuna vidonge vya kunenepesha.

Lisemwe bila kuzunguka. Silikoni ya maji inayochomwa moja kwa moja mwilini haina mfuko wa kuizuia. Inasambaa, inafanya vinundu, inaozesha nyama, na ikiingia katika mshipa wa damu inaweza kufika kwenye mapafu na kuua. FDA haijawahi kuruhusu silikoni ya maji ichomwe kwenye matiti au makalio kwa ajili ya kuyakuza. Kuitoa tena ni kazi ngumu, mara nyingi haitoki yote. Na kwa aliye na protezi tayari, sindano ya mtu asiyeona ndani inaweza kuitoboa.

Vidonge navyo: vingi vinavyouzwa kwa ajili ya kunenepa vina dexamethasone, dawa yenye nguvu ambayo muganga huitoa kwa sababu maalumu na kwa siku zilizohesabiwa. Ikimezwa kiholela kwa miezi, uso unavimba, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, mwili unashindwa kupigana na magonjwa. Msichana anadhani amenona, kumbe amevimba.

Mahali pa kusubiri, na mahali pa kukimbia

Kwa kuwa hakuna aliyemwambia mama wa Kadutu, liandikwe hapa. Matiti kuwa juu, magumu, yasiyolingana, ngozi kung'aa, chuchu kutosikia, kovu kuwa jeusi: haya katika wiki na miezi ya kwanza mara nyingi ni njia ya kupona, na yanahitaji siku, usafi, kutobeba mizigo mizito, na miadi ya kuonekana na muganga.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri hata usiku mmoja. Homa. Titi moja kuvimba ghafla kuliko jingine. Ngozi kuwa nyekundu na moto. Usaha au harufu mbaya. Kidonda kufunguka. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika. Mwenye dalili moja kati ya hizo asimtafute komisioneri kwenye simu. Aende hospitali iliyo karibu, aseme wazi alichofanyiwa, na hakuna muuguzi mwenye haki ya kumcheka mlangoni.

Kinachodaiwa

Mambo yanayodaiwa si makubwa, na mengine hayagharimu hata franka moja.

Wanaopasua, hapa na inje, wasome karatasi ya kukubali kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mgonjwa, siku kadhaa kabla ya operesheni, na wamuulize arudie kwa maneno yake alichoelewa. Wamwonyeshe picha za wiki ya kwanza, mwezi wa tatu na mwaka wa kwanza, zikiwemo za waliopata shida. Wampe kadi ya protezi yenye jina la kiwanda na namba. Wamwambie nani atamfuatilia akirudi nyumbani, na wasimkubalie safari kama jibu ni "hakuna".

Makomisioneri waondolewe katika miili ya watu. Anayelipwa kwa kila kichwa anacholeta hawezi kuwa mshauri wa kichwa hicho. Viongozi wa afya wa jimbo, wanaojua kufunga kibanda kwa deni la kodi, wajue pia kufunga kibanda kinachouza sindano za kukuza matiti.

Na wanawake wenyewe, kabla ya kutoa pesa, waulize maswali haya: Nitaonekanaje wiki ya tatu? Nitahukumu matokeo mwezi wa ngapi? Likiharibika, nani analipa? Baada ya miaka kumi itakuwaje? Muuzaji akikasirikia maswali, ameshajibu.

Mama wa Kadutu hajui bado kama kifua chake kitatulia. Labda mwezi wa tano atajitazama kwenye kioo na kuridhika. Labda hapana, na atahitaji mpasuaji mwingine. Hilo siku zitaamua. Ila usiku anaoulala sasa akishika kifua, akidhani ameharibiwa na akiona aibu kumwambia hata dada yake, hauna uhusiano na silikoni. Usiku huo angeepushwa nao na mtu mmoja tu, ambaye angekaa naye nusu saa kabla ya kisu na kumweleza kwa Kiswahili. Nusu saa hiyo haikuwa na bei, ndiyo maana hakuna aliyempatia.